Breki Mpya na Vidole Vyako

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya tangi la pikipiki, maana kukaa siwezi. Tangu ulipotangulia mimi situlii. Nikikaa nataka kwenda, nikienda nataka kurudi.

Arubaini yako ilisomwa vizuri, ubani ulifuka mpaka kwa jirani. Mkoba wako wa ukunga ameushika dada Mize, na mimi ndiye ninayempeleka kama nilivyokuwa nikikupeleka wewe. Yaliyotokea nataka uyapate kwangu, kabla hajaja huko mtu wa kijijini akakuharibia maneno.

Nimetia pikipiki breki mpya. Unakumbuka ilikuwa na breki moja tu, ya mguu, ya gurudumu la nyuma. Fundi Faki wa Wete akaipata ya gurudumu la mbele kwenye pikipiki mbovu, akaniambia, "Yakhe, hii inakamata kama kaa!" Nikamuuza beberu wako nikailipia. Najua. Usinune, mama, beberu mwenyewe kazi yake kutafuna kanga za watu.

Sababu ni wewe. Miaka yote ile, umekaa upande, buibui umelikunja, kila tukikaribia mteremko ulikuwa ukinifinya ubavuni. Wala si kidogo! Nikirudi nyumbani nina alama. "Taratibu wewe, mtoto hatoki kabla sijanawa mikono!" Nikikwambia breki ipo, unasema, "Breki yako mimi siijui, naujua ubavu wako." Nilikuwa nakasirika. Basi ulipoondoka nikaona, maadamu hapana wa kunifinya, bora nipate chuma cha kunishika.

Na kinashika, sisemi uongo. Barabara ikiwa kavu, ukiminya tu, pikipiki inasimama palepale. Nikafurahi kama mtoto siku ya Idi. Kumbe hapo ndipo nilipoharibikiwa. Kwa kuwa nasimama upesi, nikaanza kwenda upesi. Ule mteremko wa Kiuyu niliokuwa naushuka kwa dua, sasa naushuka naimba.

Siku hiyo tunakwenda kwa mke wa Shaame, ameshikwa na uchungu. Mwaka huu karafuu zimezaa, zimeanikwa juu ya majamvi mpaka barabarani. Na unajua mambo ya kwetu likidondoka tone la kwanza la mvua: kila aliye ndani anatoka mbio kuwahi jamvi lake, haangalii kushoto wala kulia. Mvua ikashuka, nikamwona Bi Time katikati ya njia, ameinama, mgongo kwangu. Nikaiminya breki. Gurudumu likasimama, mama. Pikipiki haikusimama. Tulikuwa juu ya karafuu zilizolowa, tukateleza ubavu ubavu mpaka miguuni pake. Mize akatupwa majanini, mkoba kule.

Bi Time mzima. Matusi aliyonitukana, nilimshukuru Mungu kwa kila moja. Mize akajifuta damu kiwikoni, akaokota mkoba, akaenda kwa miguu bila kunitazama. Alipofika, kichwa cha mtoto kishatoka, jirani amekishika. Alhamdulillahi, wazima wote wawili.

Tokea hapo Mize hakupanda tena. Nami kichwani nazunguka palepale: ile breki ina faida au haina? Bila ya hiyo ningemgonga Bi Time kwa kasi yangu yote. Na bila ya hiyo nisingekuwa na kasi ile. Mama, nimechoka kujiuliza.

Leo asubuhi wakaja kuita tena, kijiji cha mbali. Mize kasimama mlangoni na mkoba, kwa miguu hawahi na anajua. Nikamwambia, "Dada, panda. Nikizidisha nifinye." Akapanda, akakunja buibui. Tulipofika mteremkoni, sijagusa breki yoyote, akanifinya. Palepale pako, mama! Nikashuka polepole nalia, naye nyuma haoni.

Sasa yuko ndani na mzazi, mimi niko nje nakuandikia. Subiri... mtoto analia. Umesikia?

Breki siitoi, na tairi la mbele, nimeona limekwisha meno, nitalibadilisha. Lakini mteremko, nakuahidi, nitaushuka kila siku kama aliyekaa nyuma ni wewe. Mungu akulaze pema, mama yangu. Ubavu unaniuma bado, na siupaki dawa.

Mwanao,
Hamadi