Sukuma Wiki Iliyokunywa Maji Yangu

Jumatano, mwezi wa pili. Upepo unavuma kutoka ziwani tangu asubuhi, na kwa kuwa ziwa lenyewe limekauka, unachotuletea ni magadi. Landi nzima, hizi nyumba zetu watu wa reli, imepakwa unga mweupe: mabati, kamba za nguo, masharubu ya watu. Midomo yangu imepasuka kama tope la ziwa hilo. Siku nzuri kabisa ya mtu kukamatwa akimwaga maji.

Ndiyo, daftari. Nimekamatwa.

Nianzie mwanzo, maana nikija kusoma haya uzeeni nitadhani niliiba treni. Wiki nne zilizopita daktari alinipasua kwa sababu ya vidonda vya tumbo vilivyokuwa vimenitafuna miaka mingi. Sehemu kubwa ya tumbo aliitoa. Alichoniachia, dresa wa wodi, yule msaidizi wa daktari, aliniambia, ni kama ngumi ya mtoto. Mimi, ambaye kuanzia Longonot mpaka Molo watu wa reli wananiita Tangi. Suruali yangu ya kazi sasa inatosha watu wawili wanaopendana.

Dresa alinipa kikombe kidogo cha dawa na sharti moja. Maji kutwa nzima, lakini funda moja moja. Funda, pumzika. Funda, pumzika. Nisigugumie, na nisichanganye na chakula. Tumbo hili halina akiba, alisema, usipolinywesha polepole siku nzima utakauka. Ijumaa hii nirudi nitazamwe. Nikikutwa mkavu, nalazwa tena.

Nilimsikia vizuri. Kusikia hakujawahi kunishinda.

Tatizo ni kwamba nimekuwa fayamani wa injini, mchochea moto, miaka kumi na minane, na injini haipewi maji kwa kikombe. Ikifika stesheni yenye maji, unavuta lile bomba kubwa, unajaza tangi mpaka limwagike, safari inaendelea. Basi siku ya kwanza kurudi nyumbani nilichukua kopo letu kubwa la bati, nikalijaza, nikalimaliza bila kupumua. Kiu ilikuwa ya wiki mbili.

Yaliyofuata siyaandiki yote. Nililala kwenye sakafu ya simiti huku jasho baridi likinitoka, nikimwita mama yangu, ambaye alikufa zamani na hangeweza kuja. Aliyekuja ni Mama Ezra, mke wangu. Alinishika kichwa mpaka maji yote yakatoka yalikoingilia.

Tangu siku hiyo nayaogopa maji.

Sikumwambia. Mtu aliyekaa na moto wa injini nusu ya maisha yake atasemaje anaogopa kikombe cha dawa? Nikaona afadhali ujanja. Dirishani tuna debe la sukuma wiki. Mama Ezra ananiletea kikombe, anarudi kwenye nguo zake za kufua, nami nalowesha ulimi tu, kisha namnywesha jirani yangu wa debe. Akirudi, anaona kikombe kitupu, anatupa haragwe moja ndani ya bakuli. Yeye hakusoma, lakini anasema haragwe halidanganyi. Maskini haragwe. Jioni anayamwaga mezani, anayapanga kwa safu, ananitazama kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Leo umefanya vizuri, Baba Ezra."

Nami nayahesabu pamoja naye.

Jumatatu nilikuwa nimesimama karibu na bomba la landi, mara ardhi ikaondoka kama treni bila kupiga honi. Nilipofumbua macho nilikuwa mikononi mwa majirani, nabebwa nyumbani. Nikasema ni jua. Sikusema kwamba mkojo wangu una rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni.

Na kuna jambo jingine. Mzee mmoja, muuza ng'ombe, alilala kitanda cha pili kutoka changu. Yeye pia alikatwa tumbo, akaenda kwao, akarudishwa mkavu. Niliporuhusiwa kutoka nilimwacha na sindano ya maji mkononi. Juzi habari ilitufikia kwamba kile kitanda kina mtu mwingine, na mzee hakwenda nyumbani. Mama Ezra aliisikia pamoja nami. Tangu hapo ameacha kuimba akifua.

Leo saa tisa akaja Sardar. Huyu ndiye dereva wangu, Mhindi wa kilemba. Miaka yote hiyo yeye ameshika injini, mimi nimeshika moto, na tumegombana kwa furaha katika kila stesheni. Alisimama mlangoni akanipima kwa macho.

"Tangi," akasema, "wewe nakwisha. Mimi naona fimbo nono kupita wewe."

Nikamwambia nakunywa maji sana. Mama Ezra akaleta bakuli la maharagwe liwe shahidi. Sardar akatazama maharagwe, akatazama midomo yangu, halafu akageukia dirisha. Huu ni mwezi wa pili. Landi nzima haina jani. Debe letu lina majani mapana kama masikio ya ndovu.

"Mama," akauliza kwa adabu, "hii mboga nakunywa na nani?"

Mimi nilikuwa nasoma kalenda ya dukani iliyo ukutani, yenye picha ya yule Malkia mpya wa Uingereza. Naye hakunisaidia.

Basi nikasema. Nikasema naogopa, kwamba maji yalitaka kuniua. Sardar akataka kujua nilikunywa kiasi gani. Nilipomwonyesha kopo alicheka mpaka akashika kilemba.

"Wewe pumbavu sana, rafiki yangu. Wewe najaza tangi. Tangi iko wapi? Daktari natoa tangi yote! Wewe sasa iko boila tu. Haya, fayamani, sema: boila nataka maji namna gani?"

Jibu ni kazi yangu mwenyewe. Tangi unalijaza stesheni, mara moja, na kelele nyingi. Boila, ile inayochemsha maji yawe mvuke, si hivyo. Mkipanda kwenda Mau, na moto umekolea, ukiifungulia maji mengi baridi kwa pamoja mvuke unakufa na treni inasimama mlimani. Unafungua injekta, ile inayosukuma maji ndani, kidogo tu, unafunga. Unatazama ile glasi inayoonyesha maji yamefika wapi. Unafungua tena kidogo. Unafanya hivyo kutwa, wala hulalamiki. Na glasi huiachi iwe tupu hata dakika moja, maana boila ikikauka inapasuka.

Nayo ikipasuka, inaumiza waliosimama karibu nayo.

Nilimtazama aliyesimama karibu nami. Alikuwa ameshika bakuli lake kwa mikono miwili.

Sardar alipoondoka akiacha harufu ya mafuta ya injini, ambayo kwangu inashinda maua, nilikaa nikingoja vita. Mama Ezra akaweka bakuli chini.

"Nilijua tangu Jumapili," akasema. "Udongo wa debe ni tope, na mimi simwagilii."

"Sasa mbona uliendelea kutupa maharagwe?"

"Nilisema moyoni, akiona namwamini ataona aibu. Kumbe hata aibu uliimwagia mboga."

Kisha akachukua kisu, akakata majani yote ya debe, hata yale machanga. Maji yangu yatarudi yalikopaswa kwenda, akasema. Akayachemsha majani hayo na chumvi kidogo, akachuja, akanipozea mchuzi wake ndani ya kikombe cha dawa. Halafu akajimiminia wake, akaketi mbele yangu.

Huyu mwanamke hunywa chai kama mtu anayekimbilia treni. Leo amekunywa funda moja, akapumzika. Nami funda moja, nikapumzika. Alijifanya anaangalia ukuta. Wakati wa kupumzika tulizungumza, habari za mwanetu Ezra shuleni, za shangazi yake wa Kabazi na mbuzi wake mkorofi. Miaka kumi na sita ya ndoa na hatujawahi kukaa hivi, kwa sababu mimi nilikuwa mlimani na treni. Ugonjwa huu ni mbaya. Hizi pumzika zake si mbaya.

Yale maharagwe ya uongo ameyatia kwenye sufuria yaloweke. Kesho watayala yeye na majirani walionibeba. Bakuli jipya lina matano tu, na kila moja limepita kooni mwangu. Ijumaa daktari ataniona vipi, sijui. Glasi bado iko chini, lakini angalau maji yanaonekana.

Jua linashuka na upepo umetulia. Mama Ezra yuko nje anaanua nguo, anazikung'uta magadi moja moja.

Anaimba.

Kikombe kiko hapa mezani karibu na daftari, na hakuna anayenitazama. Ngoja ninywe funda moja kabla hajarudi.