Dada, Uliifuta Sauti ya Cucu

Dada Igoki,

Wengine huanza barua kwa kuulizana hali. Mimi leo sitaki hata kujua kama u mzima. Najua u mzima, nimeona picha zako ukila nyama choma na wenzako wa ofisini huko Nairobi. Nakuandikia kwa hasira, na ni heri uijue mapema usije ukasoma nusu barua ukitafuta pahali nitakapokuchekea.

Unakumbuka ile likizo tuliyofundishwa kompyuta katika ukumbi wa kanisa kule Majimbo? Tulitoka nyumbani Kibugu kila Jumamosi viatu vimejaa udongo mwekundu, tukavipangusa kwenye nyasi kabla ya kuingia ili wasichana wa mjini wasituone washamba. Mwalimu alituonyesha jinsi ya kumtembeza paka kwenye skrini: unachukua bloku moja ya maagizo, unaibandika chini ya nyingine, paka anapiga hatua. Wewe ulikuwa kidato cha nne, mimi cha pili. Paka wangu aligonga ukingo wa skrini akageuka miguu juu kichwa chini, ukacheka hadi mwalimu akakuhamisha kiti. Nilikupenda sana siku zile, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kisha mwalimu akataka kila kikundi kitengeneze hadithi yake. Mimi ndiye niliyesema tuchukue ile ya nyanya yetu, Cucu, ile ya fisi aliyekwenda kuchuma chai ili apate kula chakula cha wachumaji. Wewe ukamchora fisi na kikapu mgongoni, mimi nikapanga bloku za kumtembeza. Mwalimu alituazima laptopu tukamrekodi Cucu nyumbani. Alivaa kitambaa chake cha Jumapili, ingawa tulimwambia haonekani. "Nimpokee mgeni nikiwa hivi?" alituuliza kwa Kiembu, akimaanisha hiyo mashine. Akasimulia. Katikati akamfukuza kuku aliyeingia jikoni, akakohoa, akamrudia fisi pale pale alipomwachia, karani wa banda la kupimia majani ya chai akimkatalia kikapu kwa sababu amechuma hadi matawi. Alicheka mwenyewe hata kabla hajamaliza. Tukakubaliana tusikate chochote, hata kuku abaki.

Sasa niambie, nani alikutuma? Siku ya mashindano kule Meru, katika ule ukumbi wa karibu na uwanja wa Kinoru, ulisikia kikundi kilichotutangulia kikisimulia kwa Kiingereza cha puani, ukaona haya. Mimi nilikuwa nimeenda kutafuta maji ya kunywa. Ukajitenga na laptopu nyuma ya ukumbi, ukafuta sauti ya Cucu, ukarekodi yako kwa Kiingereza, kisha ukahifadhi kazi yote juu ya ile ya kwanza. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Tulikuwa ndio tunaanza, hata hatukujua watu huweka nakala. Mimi nilikuja kujua fisi alipofungua mdomo mbele ya umati akaongea kama wewe. Watu walipiga makofi, tukapewa cheti na fulana. Nilipokubana mlangoni ukaniambia, "Wacha drama, Wawira. Cucu si yuko tu? Tutamrekodi tena tukifika."

Hatukumrekodi. Mara shule, mara majani yamejaa shambani, mara laptopu iko na wengine. Halafu kiharusi kikampiga, ulimi ukawa mzito, na hakutamka neno tena hadi tukamzika. Picha zake tunazo. Simu yake ilikuwa kabambe, kile kisimu cha kupiga na kupokea tu. Sauti yake ilikuwa mahali pamoja duniani, nawe ukaionea haya. Ungeifuta kwa bahati mbaya ningeelewa, kidole huteleza. Lakini kwa kuona haya, Igoki? Yule ndiye aliyetulea Mama akishinda shambani. Nilitaka kukwambia hayo makaburini, nikakuta umesharudi Nairobi.

Siku hizi mimi ndiye ninayefundisha watoto Jumamosi, papo hapo Majimbo. Juzi niliamua kuitengeneza hadithi upya, maana nimechoka kukaa na kinyongo mikono mitupu. Fisi nimemchora, anatembea, anachuma. Nikajirekodi mwenyewe kwa Kiembu, nikampelekea Mama jikoni. Alisikiliza akimenya viazi, wala hakuinua kichwa.

"Hapo unasoma matangazo ya kanisa," akasema. "Mama yangu hakuwa hivyo. Igoki ndiye aliyemweza."

Nilitoka nikaenda kusimama katikati ya michai. Ni kweli, na ukweli huo umeniuma kuliko yote uliyonifanyia. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwiga tukiosha vyombo, na ile pumzi aliyokuwa akivuta kabla ya kicheko, na namna alivyoburuta mwisho wa maneno. Siku moja Mama aliitika kutoka nje akidhani kaitwa na mamake, na Cucu akakutisha kwa mwiko huku machozi ya kicheko yakimtoka. Mimi nimejaribu hadi koo likanikauka. Sauti hiyo sina kabisa. Uliyeifuta ndiye uliyebaki nayo, na hujui ninavyolichukia jambo hilo.

Tangu mazishi hujakanyaga Kibugu. Nairobi si ng'ambo, dada. Njoo Jumamosi, ukumbi hufunguliwa asubuhi. Usiniletee zawadi, usinieleze habari za kazi, wala usidhani nimekusamehe. Utaketi mbele ya laptopu, nitawanyamazisha watoto, nawe utaongea kama Cucu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa Kiembu, watu wakikutazama. Ukimaliza, ondoa mikono yako. Kuhifadhi nitahifadhi mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Wawira