Kumbe Masoud Alimwambia Mkuu Hivyo

Nusaiba, natoka kwa Mama sasa hivi. Kumbe ndiyo maana Baba hasalimiani na Mzee Masoud!

Mwaka tisini na sita Baba alikuwa fundi kwenye chuo cha marubani huku Kiwalani. Kwenye ile ndege ya kujifunzia, isiyoruka, aling'oa kamera za zamani akafunga mpya zenye sauti, na mitambo ya mwalimu kuiongoza akiwa chumba cha pili. Miezi minane, shoga!

Siku ya majaribio Baba yuko chumba cha pili, kavaa vipokea sauti. Masoud, fundi mwenzake, rafiki wa kufa na kuzikana, akaingia na mkuu wa chuo ndani ya ndege. Hajui kamera zimewashwa.

Mkuu akamuulizia Baba, "Na Twaha je?"
"Twaha ananishikia bisibisi tu. Kazi yote yangu."

Bisibisi! Baba anamwona usoni kabisa kwenye skrini!

Hakugomba. Masoud alipotoka, Baba akampa funguo za mitambo: "Haya, iendeshe." Akaondoka.

Kesho yake, mbele ya wageni waliokuja kuiona, Masoud akashindwa hata kuiwasha. Akaja nyumbani kubembeleza, anagonga, anagonga. Baba hakufungua. Mama anasema Baba alikuwa kakaa nyuma ya mlango huohuo, analia.