Maman Neema anapima tufani

Papa Justin, pokea salamu za Kamembe, joto limebana na mvua inakataa.

Fundi wetu, Maman Neema, leo hajanikatia hata kitenge kimoja. Mtoto wake Olivier anaishi Kanada kwenye pwani ya mashariki, na tufani inaelekea huko. Nilimkuta anaipima kwenye ramani ya simu kwa utepe wake wa kushonea. "Jana sentimita saba, leo tatu! Namuambia ajifungie ndani na batoto."

Nilikuwa na hasira, lakini nikachukua simu. "Maman, jana Kanada peke yake ilijaza kioo, leo Marekani nayo imeingia. Umepunguza ramani. Tufani haikuruka." Nikasoma kipimo cha pale chini, nikagawa: kilomita mia nane, mwendo wa arobaini kwa saa. "Iko na saa makumi mbili. Atoke sasa!"

Akampigia, akamfokea mpaka Olivier akapakia watoto garini. Jioni tunakula sambaza, visamaki vya ziwani, Olivier akapiga: "Maman, tuko mbali na bahari." Maman Neema akalia huku anacheka, utepe ungali shingoni.

Mimi miaka kumi na moja nakuja huku kwa biashara peke yangu, na hujawahi kuuliza nimefika wapi. Alhamisi napanda basi saa moja asubuhi. Mpaka Kigali ni mwendo wa saa sita, pamoja na kona zote za Nyungwe. Saa nne nitakuwa nimetoka msituni. Nipigie, uniulize.

Nakupenda hivyo hivyo,
Maman Justin