Bibi Aliolewa Mara Tatu, na Kaka Anataka Nizichome Hati

Bi. Ghaniya mpendwa, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Ibra, mwalimu wa skuli, nina miaka arobaini na moja, majina yote nimeyabadilisha, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unikemee, maana najua utanikemea.

Mwezi wa Shaaban tulikuwa tunapaka rangi chumba cha mama yangu, Bi. Ghalia, nikalisogeza kasha la marehemu bibi, Bimdogo, mama yake mama, aliyefia hapa hapa Ibra mwaka wa tisini, na chini ya nguo nikakuta hati tatu za ndoa zimefungwa kitambaani, zote za Pemba, kule walikotoka wazee wetu kabla ya kuhamia huku, zote za bibi, na sisi maisha yetu yote tulijua bibi aliolewa mara moja tu, na babu yetu Marhoun, na mama ndiye mtoto wake wa pekee. Tena tumekulia kwenye sifa kwamba bibi ni binti wa Sheikh Khattab, mwenye mashamba ya karafuu na jina kubwa, na kwenye hati ya babu ndivyo alivyoandikwa, Bimdogo binti Khattab. Lakini kwenye zile mbili za kabla, ya mwaka 1929 alipoolewa na Nadhir, msimamizi wa shamba la Sheikh, na ya 1934 alipoolewa na mfanyabiashara Ishak aliyekufa baada ya mwaka, ameandikwa Bimdogo binti Abdalla, jina wanalopewa wasiokuwa na baba wa kutajwa, walii wake, wa kumwozesha mahali pa baba, ni kadhi, na Sheikh Khattab ametia sahihi chini kabisa, shahidi. Nilikaa sakafuni nikazisoma mara nne. Baba yupo kwenye ndoa ya mwanawe, na ameandikwa shahidi.

Nyuma ya hati ya kwanza pana maneno ya talaka, kwamba mtoto wao Khalaf atakaa na mama yake mpaka atakapoolewa tena, kisha atachukuliwa na baba. Bi. Ghaniya, bibi alipokuwa mkongwe alikuwa akimwita kaka yangu Bassam "Khalaf", nasi tukicheka tukisema ni uzee. Basi nikaanza kuuliza, mpaka mwalimu mwenzangu Wiam, ambaye kwao walitokea Tabora, akaniambia Nadhir alihamia huko na mwanawe, na huyo mwana yuko hai, anaishi Samail, nchi hii hii.

Alkhamisi nikaendesha gari mwenyewe mpaka kwake. Nikamkuta mzee wa miaka sabini na mbili, macho yamefanya ukungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Mimi ni Badria, mama yangu ni Ghalia binti Marhoun. Mama yake mama ni Bimdogo."

Aliniashiria nikae. Kisha akauliza, "Mama amekufa lini?"

"Mwaka wa tisini. Ibra."

"Mimi niko Samail tangu sabini na sita," alisema. "Baba aliniambia mama ameolewa na amenisahau."

Nikamweleza jinsi bibi alivyokuwa akimwita Bassam kwa jina lake, akafunika uso kwa kilemba. Nilipoaga alisema neno moja tu: "Nataka kumwona ndugu yangu, mwanangu. Sina haja nyingine."

Nilipomwambia Bassam alikuja juu. Mwanawe Laith ameposa kwenye ukoo wa huyo huyo Sheikh Khattab, nao wamefurahi kwamba ni damu moja, na anaogopa wakiliona jina la Abdalla watavunja posa. Ameniambia, "Chukua zile karatasi uzichome, khalas. Na mama ana presha, akianguka ni juu yako." Mama hajui lolote, hati ninazo mimi kwenye mkoba wa skuli. Kuzichoma sizichomi, hilo nimeshakata shauri, lakini nimwambie mama vipi, na kaka yangu nimfanyeje?

Badria, Ibra, Novemba 2002

JIBU

Badria mwanangu, marahaba. Umetaka kukemewa, basi pokea. Mzee wa Samail amejua, mwalimu mwenzako amejua, Bassam amejua, na mimi nisiyekujua nimejua. Mama yako, mwenye mama yake, hajui. Hati hizo zimetoka kwenye kasha la mama yake, si zako wala si za Bassam. Mrudishie.

Zaidi ya hapo sina la kukulaumu, umefanya kazi waliyoikimbia wakubwa zako. Na usiniletee aibu ya bibi. Bibi yako aliolewa mara tatu, kwa kadhi, kwa mashahidi, kwa halali. Hakujizaa mwenyewe. Aliyeona haya kusema "huyu mwanangu" ndiye wa kuulizwa, na hesabu yake iko kwa Mola wake.

Bassam hamlindi mama, anailinda posa. Mwambie hivyo, kwa adabu, ana kwa ana, si kwa simu. Na mwambie aende kwa wazee wa yule binti kabla ya kufunga ndoa, awaeleze asili kama ilivyo. Wakimkataa Laith kwa ajili ya mama wa bibi yake, afadhali wakatae sasa kuliko binti awe tayari ndani ya nyumba yenu.

Kuhusu mama: usiku, ameshafuturu na kunywa dawa yake ya presha. Usimpeleke mzee mlangoni kwa ghafla. Usianze na Sheikh wala na Abdalla. Anza na aliye hai. Mwambie, "Mama, una kaka, anaitwa Khalaf, yuko Samail, anataka kukuona." Kisha nyamaza, hata akinyamaza yeye saa nzima. Mengine atayauliza kwa wakati wake, na ukiulizwa usifiche hata moja.

Wala usingoje Ramadhani iishe. Mzee ana miaka sabini na mbili.

*

Jibu hili nilimpelekea Badria kwa faksi ya skuli kabla ya kulichapa, kwa sababu ya umri wa mzee. Jana amenipigia simu. Mama alisikiliza, akaomba maji, akauliza kama huyo kaka ana mtu wa kumpikia. Bassam alikuwepo, akasema wangoje kwanza mambo ya posa yatulie. Mama akamjibu, "Mama yangu alikuwa akikuita jina la mwanawe miaka mitatu, na wewe ukiitika. Basi leo nipeleke kwake."

Bassam ndiye aliyeendesha gari.