Mfano Wangu wa Kinaya

Tororo, Jumanne

Kwa nini aseme nimekosea? Mimi nisiyenyoosha mkono kamwe, leo nilinyoosha.

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa akitueleza kinaya: maneno yanasema hivi, mambo yenyewe ni kinyume. Akaomba mfano. Nikasimama.

"Kumbe bubu anaongea!" akasema Odongo, darasa likacheka.

Nikasema, "Redio ilikuwa ikitangaza kwamba maduka yamejaa sabuni, huku mama akifua sare yangu kwa majani ya mpapai."

Kicheko kikakatika. Nyuma yangu, mtoto wa kapteni wa jeshi aliacha kuandika.

"Hiyo ni tashbihi," mwalimu akasema haraka. "Umekosea. Keti, binti."

Tashbihi! Wala sikufananisha kitu na kitu. Niliketi uso ukiniwaka.

Baada ya kengele alinikuta peke yangu bombani. "Jibu lako lilikuwa sahihi mno," akanong'ona. "Ndiyo maana nimelikosoa. Usilirudie popote."

Ninaogopa, nakiri. Lakini zaidi ninajiuliza. Mwalimu anapofundisha kosa makusudi, ili mwanafunzi wake afike nyumbani salama, hiyo nayo inaitwaje? Katika istilahi zote alizotufundisha, sijaona jina lake.