Mama, Nilimruka Mumbere

Mama wee,

Nakuandikia nimekaa nyuma ya nyumba hapa Bwera, pale ulipokuwa ukianika muhogo. Siku hizi anayetwanga ni mdogo wangu Masereka. Unga wake una mchanga, tunatafuna na kunyamaza, maana ukimwambia ananuna. Baba anakula kidogo. Kule, kitindamimba wako, bado anakuita akitoka shule, halafu anakumbuka.

Nina neno, na nisipolisema leo litanikaba.

Unakumbuka ile likizo niliyokuja na daftari? Mwalimu wetu wa fasihi kule Kasese, kijana aliyesomea Kampala, alitaka kila mmoja alete maneno ya wazee wa kwao. Wenzangu walileta methali na nyimbo za arusi. Mimi niliandika maombi yako ya asubuhi, yale ya kututaja huku ukipuliza moto: "Mungu, chunga Mumbere. Chunga Bwambale. Chunga Masereka. Chunga Kule, huyu mutundu."

Mwalimu aliyasoma kwa sauti, akauliza Mumbere ni nani. Nikasema ni kaka yangu, alikufa kwa surua kabla sijazaliwa. Darasa likaangua kicheko. "Anaomba maiti achungwe!" mwalimu akasema. "Hii si imani, ni ulimi uliozoea." Kisha akanigeukia, akaniuliza kama mimi mwenyewe naamini kuna anayesikia.

Jibu nilikuwa nalo, Mama. Mtoto yeyote wa Kikonzo analo. Kwetu jina linafuata zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza Mumbere, wa pili Bwambale. Naitwa Bwambale kwa sababu yeye alinitangulia. Ukimruka, mimi nimetoka wapi? Tena wewe ulikuwa ukisema kwa Mungu hakuna mtoto aliyepotea, wote wako mikononi. Ningesema hayo tu, basi. Lakini wale vijana wenye viatu walikuwa wananitazama. Nikasema, "Hakuna anayesikia, mwalimu. Ni mazoea ya wazee." Nikacheka nao. Nilicheka, Mama! Akanisifu kwamba nimefunguka macho, na siku nzima nilitembea kifua mbele. Mjinga mimi.

Niliporudi ukaniuliza, unafuta mikono kwenye kitenge, "Mwalimu alisema nini juu ya maombi yangu?" Nikasema aliyapenda sana. Wacha wee, furaha uliyokuwa nayo! Jumapili, baada ya misa, uliwaambia akina mama wote, hata wale wachuuzi waliovuka mpaka kutoka Beni, kwamba maombi yako yanafundishwa Kasese. Walikupigia vigelegele. Mimi nilijifanya natafuta baiskeli.

Halafu homa ikakushika. Ile alasiri ya mwisho pumzi ilikuwa fupi, ukanivuta mkono. "Unisaidie kuomba, papa," ukasema, kama ulivyozoea kuniita. Nikaanza: Mungu, chunga Bwambale. Sijui ilikuwa aibu, au lile darasa lilikuwa bado limekaa kooni. Ukafumbua macho. "Na Mumbere, unamuacha wapi?" Ukaanza upya mwenyewe, kutoka kwa Mumbere, kila jina na pumzi yake. Ulipofika kwa Kule hukusema kitu kingine tena. Pumzi zile ulizimaliza kwa kusahihisha kosa langu.

Juma lililopita nilirudi shule. Mwalimu alinipa pole, si mtu mbaya, sitamsingizia. Nikanyoosha mkono. Nikaeleza habari ya majina yetu, nikasema siku ile nilidanganya, mimi naamini. Akauliza ushahidi uko wapi. Nikamwambia sina, na bado naamini. Mmoja akaguna huko nyuma, mwalimu akafungua kitabu, tukaendelea. Usidhani nimekuwa shujaa. Kuna asubuhi naomba na sisikii chochote. Naamini kwa kung'ang'ania tu, kama mtu anayepanda mlima kule Nyakalengija kwenye matope, anashika majani asiteleze.

Na darasani ilikuwa rahisi. Hapa nyumbani, nilikorudi kwa ajili ya misa ya kukuombea, ndipo pagumu. Jana akina mama wa kanisa walikuja. Wanataka Jumapili, kwenye misa yako, nisimame mbele nisimulie jinsi maombi yako yanavyosomwa na wanafunzi wa Kasese. Mmoja alilia kwa fahari. Nikaitikia ndiyo, Mama, woga ule ule. Baba alikuwa mlangoni akisikia, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nilimwona akitabasamu.

Hapo ndipo nimekwama tangu jana. Nikinyamaza, nimekucheka mara ya pili. Nikisema, nitamnyang'anya Baba kile kidogo alichobaki nacho.

Nitasema. Nakuahidi. Nitawaambia mwalimu hakukusifu, na mwanao alikukana, akacheka. Wakinizomea, acha wanizomee. Pumzika, Mama yangu. Unisamehe ukiweza. Usipoweza, Jumapili nitasimama vilevile, na Baba atakuwa amekaa benchi ya mbele, ananitazama.

Mwanao,
Bwambale